Sufuria ya Maji ya Binti Yangu

Mimi ni mutu wa hasira, na wale mafundi waliotoka Kasongo kutuletea kipimo cha maji niliwachosha kwa maswali. Kilikuwa kipande laini, kama ngozi ya bugali uliopoa, na taa ndogo mwishoni. Unakitia ndani ya maji, unahesabu mpaka kumi: taa ya kijani, kunywa; nyekundu, iko sumu. Kikikatika, unagusanisha ncha zake, kinajiunga chenyewe mpaka asubuhi. Kikizeeka tuwarudishie, wakiyeyushe, watengeneze kingine. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu ndimi ninayefuatilia afya ya watu katika kijiji chetu, upande wa Wamaza.

Siku ya pili tu nikakikata bila kukusudia na kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Nikakiunga, nikakiacha kilale. Kulipokucha nikakijaribu katika maji ya kunywa ya binti yangu, niliyoyachemsha ndani ya sufuria ndogo. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Taa ikawa nyekundu.

Nikajiambia kipimo hakijapona, kinadanganya. Nikakimbia nacho mpaka kwenye chemchemi: kijani. Bidoni, dumu letu la maji nyumbani: kijani. Nikarudi kwenye sufuria: nyekundu tena.

Mpangaji wetu, mchimba zahabu aliyetoka Kivu, alikuwa mlangoni anafunga viatu. Mutu wa adabu sana. Kila Jumamosi aliazima sufuria ile, nami sikumuuliza ya nini, maana kwetu mgeni haulizwi anapika nini. Sasa nilimuuliza. Akasema alichomea humo zahabu yake, ikiwa imeshikana na zebaki, ile dawa yenye sumu ya kukamatia zahabu, mpaka zebaki itoke kwa moshi.

"Lakini mama, kila mara niliiosha na majivu mpaka ing'are."

Kweli iling'ara. Nilikuwa nikimsifu kwa hilo.

Binti yangu hakuyapenda maji ya kuchemsha, alisema hayana ladha. Mimi ndiye niliyemlazimisha, kikombe kwa kikombe, asubuhi na jioni, na nilimgombeza alipobakiza. Hasira yangu yote haikupata mutu mwingine wa kumshukia. Nikamuuliza kama mutoto amecheza leo.

"Bado, mama."

Tulipanda pikipiki kwenda hospitali ya Kabambare, yeye katikati, mikono yangu juu ya tumbo lake. Barabara ile ni mashimo matupu, na kila kitu kiliposukuma kiganja changu sikuweza kujua kama ni shimo ama ni mutoto.