Kinyozi Aliyerudi Kabla ya Kufika

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, na mengi kati ya hayo yalihusu mabasi ya bei chee. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni hakuwa na pa kukimbilia. Angefundishwa upande usiochomwa na jua, kiti kisichorushwa na matairi, na jinsi ya kumtambua dereva mwenye pupa kwa anavyofunga mlango. Siku hizi akisimulia yaliyompata, husema mwenyewe kwamba mdomo wake ulitangulia safari, yeye akabaki nyuma.

Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Binti yake alikuwa anahitimu uuguzi katika mji wa mbali, na kinyozi alikuwa anampelekea viatu vyeupe vya kuvaa kwenye mahafali. Mkewe, aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yake mzazi, alimsihi akate tiketi ya basi la maana.

"Mke wangu, basi ni basi," kinyozi akajibu. "Cha muhimu ni ujuzi wa abiria."

Basi lilikuwa na viti vilivyochanika, na dirisha moja limezibwa kwa kadibodi. Kinyozi akaweka mkoba wake mweusi juu, akakaa, akamtolea jirani mhadhara mpaka jirani akajifanya amelala.

Wakafika kwenye mkahawa wa kando ya barabara, mabasi ya kampuni ile yanapopumzika, yanayokwenda na yanayorudi. Abiria wakashuka kunyoosha miguu. Kinyozi akanywa chai yake taratibu. Mtaalamu hakimbizwi na honi. Alipotoka akakuta basi linanguruma, akapanda. Kwenye kiti chake amekaa mama mmoja mwenye kilemba cha bluu.

"Samahani, mama. Hapo ni pangu."

"Una hakika, baba?"

"Mama, mimi na mabasi haya tumezeeka pamoja."

Mama akamtazama, akaitazama tiketi yake, akahamia kiti cha nyuma bila kubishana. Kinyozi akainua macho, akaona mkoba mweusi juu, akaupapasa kwa upendo, kisha akalala fofofo.

Alipoamka walikuwa wanaingia mjini. Akaupenda mji ule papo hapo. "Hawa watu wameendelea," akajisemea. "Hata duka la vioo wanalo, kama letu." Likapita soko lenye paa lililobonyea katikati kama la kwao, akalisifu nalo. Mara akaona ukutani picha ya kichwa cha mtu, sikio moja kubwa kuliko la pili, na kando yake mlango wenye kufuli. Kichwa kile alikichora yeye. Kibanda kile ndicho alichokuwa ananyolea watu.

Akajishika mashavu. Yule mama akainama kutoka nyuma.

"Vipi, baba? Unaumwa?"

"Mama, hili basi linatoka wapi?"

Akamtajia mji. Ndiko hasa kinyozi alikokuwa anakwenda.

"Kumbe kiti kilikuwa chako," akasema kwa sauti ndogo.

"Changu kabisa. Na huo mkoba uliokuwa unaubembeleza ni wangu pia. Ila ulivyokuwa unajiamini, baba, nikaona haya kukusahihisha." Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, aliyekwenda stendi kumpokea.

"Baba, basi limefika. Kondakta amenipa mkoba wako, anasema walikuita mpaka wakachoka. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, mwanangu."

Ikasikika sauti ya mtu anayejiziba mdomo asicheke. Mkewe naye, alipofungua mlango, akamuuliza amesahau nini.

"Nimejisahau mwenyewe," akasema kinyozi, akapita ndani.

Asubuhi akapanda basi la kwanza, na safari hii hakumfundisha mtu. Njiani wakapata pancha. Alipofika chuoni, mahafali yamekwisha na watu wanakusanya viti. Binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, joho mapajani, viatu vyeupe miguuni. Njia nzima kinyozi alikuwa ametunga maelezo. Yote akayaacha hapo langoni. Jina la mwanawe limeitwa, makofi yamepigwa, yeye hakuwepo, na sababu ni chai na majivuno.

"Nisamehe, mwanangu."

Binti akavaa tena joho lake. Akamshika mkono, akampeleka ukumbini, akamkalisha kwenye kiti kimoja kilichosalia mbele. Kisha akamnong'oneza mbeba viti. Yule bwana akatua mzigo wake, akapanda jukwaani, akakohoa kidogo kama mkuu wa chuo, akaliita jina la binti kwa sauti nzito. Binti akapita jukwaani polepole, kichwa juu. Kinyozi akapiga makofi peke yake katika ukumbi mzima mpaka viganja vikamuwasha, machozi yakimtiririka bila aibu.

Siku ya kurudi, binti aliingia naye ndani ya basi, akamwambia kondakta, "Kaka, huyu ni baba yangu. Akishuka, hakikisha amerudi humu humu."

Kinyozi alitaka kununa, akaona hana haki hiyo. Walipofika mapumziko, kondakta akamsindikiza hadi mlango wa choo, akasimama nje, na kila baada ya kitambo akawa anagonga.

"Mzee, upo?"

"Nipo, mwanangu," kinyozi akaitikia kwa unyenyekevu. "Usiondoke."