Nyumba Kongwe Kuliko Zote

Kwa miaka thelathini Gerlinde Hufnagel aliuza nyuzi na vifungo katika nyumba yake ya boriti na udongo, Mtaa wa Watengeneza Ngozi, na miaka yote hiyo kibao cha mlangoni kilimpa kichwa: Nyumba kongwe kuliko zote mjini, 1421. Wageni walipiga picha, yeye akijifanya hawaoni.

Halafu Irmtraud, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaleta mtaalamu wa mbao. Jamaa akatoboa boriti, akahesabu duara za mti, moja kwa kila mwaka, akatoa jibu: mti ulikatwa 1389.

"Shoga, nimekupita," Irmtraud alisema dukani, na hata kifungo kimoja hakununua. "Baraza la mji wanahamisha kibao Jumatatu. Njoo ule keki ya plamu."

"Keki yako ngumu kama hizo boriti."

Lakini alikwenda. Wivu ulikuwa unamkaba. Alitaka apande darini apate kasoro, pengine boriti ya kuokoteza kutoka kanisa lililobomolewa, maana mafundi wa kale hawakutupa mti mzuri.

Akapanda na tochi, Irmtraud akihema nyuma yake.

Mafundi wale walichonga mbao zote chini, wakazipiga namba kwa patasi, ndipo wakazisimamisha. Gerlinde alizijua kenchi za paa lake, zile fremu za mbao zinazolibeba, moja hadi saba, kuanzia upande wa kisima hadi ukuta wa Irmtraud. Akamulika kenchi ya kwanza ya Irmtraud. Mikato ilisema nane. Iliyofuata, tisa.

Lilikuwa paa moja. Ile 1421 ya mlangoni kwake labda ni mwaka waliogawa nyumba tu. Akisema neno, na yeye ni wa 1389. Kibao kingegongwa katikati, majina mawili, na Irmtraud angesema "nyumba yetu" mpaka kaburini.

"Umeona nini?"

"Namba zako zinaanzia nane. Fundi wako alikuwa mlevi."

"Ndiyo raha ya uzee, mwenzangu. Mambo hayana mpangilio."

Jumatatu, kabla watu wa baraza hawajafika, Gerlinde alikifungua kibao kwa bisibisi yake mwenyewe, akamkabidhi Irmtraud pale mlangoni.

"Chukua. Skurubu zimeshika kutu, nunua mpya."

Akaingia dukani kwake, peke yake, akafunga mlango.