Mkebe wa Mvua wa Ruiru

Tarehe 12 Aprili. Jua tangu asubuhi. Mawingu yalikuja saa nane, yakakaa juu ya mibuni kama yanafikiria, saa kumi yakaenda zao. Mvua hakuna.

Hayo si maneno ya leo, mwanangu. Ni ya daftari langu la miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Ukifungua ukurasa unaofuata utakuta maneno hayo hayo, na unaofuata pia, mpaka uchoke kusoma kama mimi nilivyochoka kuandika. Wiki hii nimelitoa sandukuni kwa hasira, nikiri. Mjukuu wangu anayelima Murera alinipigia simu akasema, "Guka, nimeshapanda. Simu imesema mvua ni Jumatano." Nikamuuliza, simu imesimama wapi? Akacheka. Alidhani mzee amechanganyikiwa. Labda nimechanganyikiwa, sijui, lakini swali lile nina haki ya kuliuliza, na nitakuambia nililitoa wapi.

Nilikuwa kwenye shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namba nilizijua, kwa hivyo nikapewa kazi ya mkebe wa mvua. Ulikuwa mkebe wa shaba, umesimikwa kwenye nyasi mbele ya ofisi na kuzungushiwa waya ili mbuzi wasiuguse. Kila siku saa tatu asubuhi niliufungua, nikamimina kilichomo kwenye kioo chenye mistari, nikasoma, nikaandika katika kitabu cha ofisi. Jioni niliandika tena katika daftari langu mwenyewe, mwanzo hali ya hewa, mwisho tulichokula. Kwa nini niliandika, hata sasa sijui vizuri. Nadhani nilipenda kujiona nikiandika.

Aprili ya kwetu ni mwezi wa matope. Ndiyo mvua ya njahi, yale maharagwe meusi, kwa sababu ndiyo tunayoipandia njahi. Huanza Machi ikienda kuisha. Mwaka ule ilikataa. Upepo ulikuwa ule ule mkavu wa Februari. Mlima Kirinyaga ulionekana kila asubuhi, mweupe na karibu, kitu ambacho Aprili hakitakiwi. Mlima wa Kilimambogo, ambao wazee huutazama uvae wingu ndipo waseme mvua inakuja, ulikaa kichwa wazi kutwa nzima. Mibuni ikakunja majani. Na mimi kila asubuhi nafungua mkebe, nautazama ndani, mdudu mmoja amekufa, basi.

Mwaka kama huo anayesoma mkebe huwa mtu mbaya. Wanawake wa kupalilia kahawa walipita mbele ya ofisi wakienda kazini, na mbele yao alikuwa Wairimu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Karani wa mvua! Leo umetuandikia nini?"

"Hakuna."

"Tena? Jamani, huyu kijana ameukalia huo mkebe!"

"Mwambie aufungue," mwingine akasema.

"Ataufungua vipi na hajaoa? Ameshafungua nini huyu?"

Wakacheka mpaka mwisho wa mistari ya kahawa. Niwe mkweli kwao, ulikuwa mzaha tu, nao walikuwa na vishamba vyao vinavyosubiri, na mtu anayesubiri lazima apate wa kumtania. Lakini ukiambiwa kila asubuhi kwamba mvua ni yako, mwishowe unaamini kidogo. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Tarehe 17, saa tisa alasiri, ilinyesha. Iliteremka kutoka kwenye vilima vya juu, upande wa Kiambu, ikapiga mabati saa nzima hata tusisikilizane. Kesho yake nikapima inchi nzima na zaidi. Wairimu alinikuta nimeinua kioo kwenye mwanga.

"Haiya! Karani amefungua!"

Wakanipigia vigelegele vitano. Vitano, mwanangu, idadi ya mtoto wa kiume aliyezaliwa. Nikasimama pale nimeshika kioo, na kusema kweli sikuwaambia kwamba sikufanya lolote.

Siku hiyo hiyo nikaomba ruhusa ya kwenda kwetu. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya mkoloni, hukutoka eneo moja kwenda jingine bila barua, na mimi nilisema mama ni mgonjwa. Haikuwa kweli. Hilo nalo niliweke hapa pamoja na mengine. Nikaazima baiskeli, nikaondoka.

Wazazi wangu walikaa kwenye shamba la mkonge mashariki ya Thika, ukishuka kuelekea Ngoliba. Mzee wangu alikata mkonge, na wakubwa wa shamba walikuwa wamempa mama kipande cha ardhi nyuma ya laini za nyumba za wafanyakazi. Kutoka Ruiru mpaka Thika barabara ilikuwa na unyevunyevu. Nilipoipita Thika vumbi likaanza. Vumbi! Nililiona kwa macho yangu haya, likaniingia kwenye meno, na sikujiuliza chochote. Kichwani nilikuwa na inchi nzima.

Nilimkuta mama shambani. Ardhi alikuwa ameilima zamani, mashimo yako tayari. Mbegu zake zilikuwa katika vibuyu viwili vilivyoning'inia juu ya meko ili moshi uzilinde na wadudu. Kimoja kilikuwa cha mahindi meupe, kingine cha njahi alizopewa na mamake siku alipoolewa. Kila mwaka alipanda, akavuna, akachagua nyingine, akarudisha kibuyuni. Alitoka nazo Kiambu, akahama nazo mara mbili. Hizo ndizo zilikuwa mali yake.

"Maitu, pandeni," nikamwambia hata kabla ya kushuka vizuri. "Mvua imeanza."

Alipiga magoti, akachimba kwa ncha ya panga kina cha kiganja, akatoa udongo wa chini, akaufinya. Akafungua mkono. Udongo ukamwagika kama unga.

"Hili bado ni vumbi, baba." Mimi nilipewa jina la babake mzazi, ndiyo maana aliniita baba.

"Nimepima, maitu. Inchi nzima. Nimeandika mwenyewe kwenye kitabu."

"Imeanza wapi?"

"Imeanza! Ndivyo inavyoanza. Leo huku, kesho kule."

Akautazama mkono wake uliokuwa na vumbi, kisha akanitazama mimi. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Angenibishia, ningejua la kufanya nayo.

Mzee wangu alisema tungoje. Lakini nisimpe sifa isiyo yake: hakusema kwa kuijua mvua, alisema kwa sababu mgongo ulimuuma na hakutaka kuinama. Aliyejua alikuwa jirani yetu Mama Mutua, Mkamba, mzaliwa wa nchi kavu. Alikuja mpakani kesho yake, Jumamosi, akatukuta tunapanda, akaegemea jembe lake.

"We jirani, unampandia nani? Hawa kwale?"

"Mtoto wangu ndiye anapima mvua ya mzungu," mama akamjibu, na alivyonyoosha shingo mpaka leo namwona.

"Aa. Basi kwale watashiba kama wazungu mwaka huu," Mama Mutua akasema, akaenda zake.

Mama alitaka kuacha kibuyu cha njahi mpaka mvua ikamate. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ya nini kuacha? Panda zote." Mwingine asibebeshwe hilo. Si mama, si mkebe. Jioni yakadondoka manyunyu kidogo, ya kulaza vumbi tu, nikamtazama mzee wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Jumapili nikarudi Ruiru.

Ruiru ilinyesha tena. Siyo sana, mwezi ule kote ulikuwa mkavu, lakini mara mbili zaidi, kila mara ikiteremka kutoka juu na kukauka kabla ya kufika Thika. Nikaandika namba zangu kwa mwandiko mzuri. Kila nikiandika niliyaona mahindi ya mama yametoka, yamefika kwenye kifundo cha mguu, yamefika gotini. Nilipalilia shamba zima ndani ya kitabu cha ofisi.

Mei ilipoanza nikapata ruhusa nyingine, hiyo bila uongo. Nilianza kuona kuanzia barabarani. Shamba lilikuwa jekundu tupu. Huku na huku uzi wa manjano wa chipukizi umetoka ukalala. Kwale walikuwa wametembelea mistari yote, shimo kwa shimo. Mama alikuwa amechuchumaa katikati, anafukua kwa kijiti, mbegu ambayo haijaliwa na mchwa anaitupa kwenye ungo. Zilikuwa zimevimba kwa yale manyunyu, kisha zikakauka tena. Mbegu ikishafanya hivyo haioti.

"Umekuja, baba," akasema.

Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikaropoka, "Kwetu Ruiru imenyesha mara tatu."

"Tulikuwa tunaona. Jioni umeme unapiga huko juu. Namwambia mzee wako, ile ni mvua ya mtoto."

Mzee wangu alikuwa mlangoni amekunja mikono. "Mkebe! Mkebe! Ungeuleta basi huo mkebe, tuchotee maji mtoni!"

"Mwache," mama akasema, bila kuinua kichwa. Halafu akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu njia. "Mkebe wako haukusema uongo. Ulipima mvua iliyoingia ndani yake. Huku hakuna mkebe, kuna mkono wangu. Mkono ukaniambia vumbi, na mimi nikauacha nikakusikiliza wewe. Hilo ni kosa langu. Lako ni kwamba uliona vumbi mkononi mwangu na ukaendelea kuongea."

Nikachuchumaa nikafukua pamoja naye. Mama Mutua alituona. Nilingoja aseme neno la kwale, na angekuwa na haki yote. Alisema, kidogo. Kisha akasema mvua ya Oktoba ikija mama apite kwake achukue kunde na mbaazi, kwa sababu hizo zinaijua nchi hii. Mama akazichukua, akapanda, zikaota vizuri. Lakini zile njahi za bibi yangu hazikurudi tena nyumbani kwetu. Mama alitafuta nyingine sokoni Thika miaka ya baadaye. Alisema ni njahi, ndiyo, lakini si zile.

Sasa wewe. Siwezi kukuambia usisikilize simu. Sitakuwa mtu wa haki nikisema hivyo, maana mkebe wangu ulikuwa mzuri, na kwa mahali ulipokuwa ulisema kweli kila siku. Lakini wallahi mnanichosha! Mnasoma namba ya mahali pengine, mnafika kwa mtu aliyezeeka na ardhi yake, mnamwambia anyamaze. Kabla ya kuamini kipimo, uliza kimesimama wapi. Kabla ya kumwambia mwenzako panda, piga magoti kwake, chimba kina cha kiganja, ufinye udongo wake kwa mkono wako. Hata uwe na uhakika kiasi gani, usimwambie mtu apande mbegu zote. Na mzazi akikuambia "wewe ndiye umesoma," usifurahi haraka. Hapo amekukabidhi mkono wake. Urudishe, umwambie, "Finya tena, maitu, uniambie."

Mungu akunyeshee pale ulipopanda, mwanangu, si kilima cha pili. Akupe wa kukubishia unapokosea, na vibuyu vyako visikae vitupu juu ya meko.

Kuhusu siku ile ya kufukua mbegu, daftari linasema hivi: "Jua. Upepo mkavu kutoka chini. Mvua hakuna. Tumekula githeri." Niliandika hivyo tu, nikafunga. Sikuandika kwamba mama aliziosha zile tulizofukua, mahindi na njahi, maji mara tatu, akazichemsha pamoja ziwe githeri, kutwa zikagoma kulainika, na kwamba zilikuwa na ladha ya moshi, na mchanga ukalia kwenye meno yetu sote. Sahani yangu ndiyo aliijaza kuliko zote. Leo nimechukua kalamu, nikaongeza kabla ya nukta yale maneno mawili niliyoyaacha. Sasa daftari linasomeka: Tumekula githeri ya mbegu.