Mbuzi wa Sadaka na Bomba Linalokohoa

Bomba la nyumbani kwetu Nawoitorong, hapa Lodwar, hukohoa kabla ya kutoa maji. Hukohoa mara mbili, hutulia kama mtu anayewaza, kisha hupiga mluzi mwembamba, ndipo maji huja. Tumelibadilisha kichwa mara tatu na bado linakohoa vilevile. Nalisikia nikiwa kitandani, nalisikia nikiwa jikoni, kwa sababu, nisiwafiche, sijawahi kuishi mbali nalo isipokuwa mwezi mmoja tu, na wiki ya kwanza ya mwezi huo niliimaliza kwa kilio. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wako Eldoret, wako Nairobi, mmoja yuko ng'ambo anatutumia picha za theluji. Mimi niko hatua thelathini kutoka bombani.

Lakini likikohoa asubuhi, vidole vya mkono wangu wa kushoto hujikunja vyenyewe, kama vinatafuta nyuzi.

Nilikuwa darasa la saba. Mama alichoka kuniona nimeegemea ukuta wa jikoni kila likizo. "Huyu mtoto ataota mizizi," alisema, akanitilia nguo kwenye mfuko, akanipeleka Kakuma kwa shangazi yangu Nakiru, aliyeuza chai na mandazi kando ya kanisa. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukilia, alikupa sufuria usugue. "Ejok, mama wa machozi," alinisalimu kwa Kiturkana kila kukicha. "Leo tutateka maji mtoni ama tutatumia yako?"

Kanisani ndiko nilikokuta gitaa. Mpigaji wake alikuwa Faustin, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, mwembamba kama mwanzi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata jua liwe la kupasua mawe. Alikuja kufanya mazoezi kila alasiri kwa sababu kanisani kulikuwa na kivuli. Mimi nilienda kwa sababu kanisani hakukuwa na sufuria. Alikuwa na magitaa mawili. Moja alilipiga. La pili, lenye ufa uliozibwa kwa gundi nyeusi, lilitundikwa msumarini, naye alilipangusa vumbi kila siku na kulirudisha bila kulipiga. Siku ya nne aliona ninavyolikodolea macho, akalitundua, akaniwekea pajani.

"Jina yako nani?"

"Akai."

"Akai, finya hapa. Itakuuma. Ikikuuma, iko sawa."

Iliniuma. Vidole vilitoka malengelenge, vikanuka kama sarafu zilizoshikwa na jasho, nikawa navinusa usiku badala ya kulia. Shangazi aliona mabadiliko akapunguza sufuria.

Hapo lazima nijisifu kidogo, maana sifa zenyewe zitaisha upesi. Nilikuwa hodari wa kuiga. Faustin alikuwa na sebene yake ya wakati wa sadaka, ile sehemu waimbaji wananyamaza na gitaa linaachiwa njia likimbie. Niliikariri yote kwa siku kumi na mbili. Niliikariri mpaka makosa yake. Kulikuwa na mahali katikati ambapo aliinua mkono kwenye nyuzi, akanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi mbili, kisha akaendelea. Nami nikainua mkono, nikavuta pumzi zangu mbili.

"Mbona unanyamaza pale?" aliniuliza.

"Si wewe hunyamaza?"

Alinitazama, akacheka, akatoka nje akasimama juani kwa muda. Nilidhani nimemfurahisha.

Aliporudi alisema kuiga kumetosha, sasa nitie vyangu. Nilimwambia sina vyangu. Alisema kila mtu iko nayo. Nilijaribu, nikatoa kelele kama kuku aliyekanyagwa, nikarudi mbio kwenye sebene yake kama ninavyorudi nyumbani. Wakati mwingine, akichoka na mimi, alinisimulia kuhusu mdogo wake, Heri, aliyekuwa akipiga naye kanisani kwao, na ambaye, siku ya kukimbia, alibaki kule kule Kongo. Sikuuliza zaidi. Nakumbuka tu kwamba nilimwonea wivu.

Wiki ya mwisho ya likizo aliniambia: "Jumapili ni Mavuno. Weye utabeba sadaka yote na gitaa peke yako, mi nitakufuata kwa nyuma. Ukipiga ya kwako, gitaa hii unaenda nayo Lodwar. Ukipiga ya kwangu, inarudi kwa msumari. Hii haiendi na kasuku."

Msinicheke. Usiku huo nilifanya mazoezi ya sebene yake mara ishirini. Nilijiambia nitaipiga haraka zaidi, atadhani ni nyingine.

Mavuno ya Kakuma hayana mahindi mengi. Watu huleta kilichopo: makaa, samaki wakavu, unga, sukari, na mwenye mifugo huleta mbuzi. Sadaka inapoanza, gitaa halina ruhusa ya kunyamaza mpaka wa mwisho afike altareni. Sebene ya Faustin ilitosha watu wa kawaida. Haikutosha yule mama wa mwisho, mfupi, shanga zimemjaa shingoni, aliyekuja na beberu mweupe. Beberu alifika mlangoni, akaona umati, akakita miguu minne sakafuni kama nguzo.

Nilimaliza sebene. Mbuzi mlangoni. Nikaianza upya. Mama anavuta, mbuzi anarudi nyuma. Niliposhika raundi ya tatu, wanakwaya walianza kutazamana, na kutoka benchi la pili nikasikia sauti niliyoifahamu vizuri sana, ya shangazi.

"Anaimba ng'ombe ya mtu! Akai, yako ilikufa?"

Kanisa zima likaangua kicheko, na mtu wa kwetu ataelewa kwa nini. Kwetu mwanamume ana maksai wake anayempenda kuliko wote, na ana wimbo wa kumsifu aliotunga mwenyewe, akiuimba ananyoosha mikono juu kama pembe. Wimbo wa ng'ombe wa mwenzako huuimbi ukajifanya ni wako. Ni afadhali uvae shuka lake. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote wa Mungu nikimsifu ng'ombe wa Faustin mara tatu, kwa haraka.

Nikafika pale pa kunyamaza. Nikainua mkono. Pumzi ya kwanza. Nyuma yangu gitaa la Faustin lilikuwa likitembea polepole, linangoja. Nilitaka nyumbani. Nilitaka ukuta wa jikoni kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Na mkono, bila kuniuliza, ukapiga nyuzi nene nikiwa nimezifinya zisilie: kho, kho. Ukatulia. Kisha kidole kidogo kikapanda juu kabisa kwenye uzi mwembamba, tiiii, kikashuka na maji yote ya Nawoitorong.

Nilirudia. Niliongeza ndoo ikijaa. Niliongeza mama akiniita, akiniita tena, akiniita kwa hasira. Gitaa la nyuma liliruka kama mtu aliyeguswa bega, likaanza kunijibu. Sijui tulipiga muda gani.

Ningependa kuwaambia kwamba mbuzi alisikia, akatembea mbele kwa unyenyekevu. Alibebwa na wanaume wawili, analia njia nzima, na kwa kweli alikuwa na sauti ya juu kuliko mimi.

Baada ya ibada Faustin alilifunga lile gitaa la ufa kwa shuka kuukuu. "Nani amekufundisha ile?"

"Bomba la nyumbani."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akashika ule mzigo kidogo kabla ya kunipa. "Njo vile," alisema. Ndivyo. "Pale pangu, weye umeingia."

Nilidhani anasifu tu, nikabeba gitaa langu nikarudi kwenye bomba langu, na sikumwona tena.

Miaka imepita. Juzi juzi binti yangu, aliyejifunza kwa gitaa la kuazima, alikaa nalo uani, nami nikimpigia sebene ile ya Faustin. Nilipoinua mkono pale pa kimya, yeye, ambaye hana adabu ya kungoja, akaingia na vyake. Vikakaa pale barabara, kama mguu ndani ya kiatu chake. Nikaendelea, na kwa mara ya kwanza wimbo haukuwa na shimo. Mkono wangu ukasimama.

Halikuwa kosa. Ilikuwa sebene ya watu wawili. Faustin alikuwa akimwachia Heri nafasi yake, kila alasiri, pumzi mbili, na gitaa la Heri liko msumarini limepanguswa vumbi. Nami, mtoto mzima wa darasa la saba, nilikuwa nikimwonea wivu Heri huyo, nikiwaza jinsi alivyobahatika kubaki nyumbani.

"Mama, umesahau?" binti yangu aliniuliza.

"Hapana," nilimwambia. "Rudia. Ingia pale pale."