Pikipiki Mbili za Theluji Kwenye Trela Lisilo na Breki

Simpendi yule mzee, na sijifanyi. Tunasali kanisa moja hapa Blacktown, pembeni mwa jiji la Sydney, namwamkia shikamoo kama nilivyolelewa, naye huniita binti yangu. Lakini nikimwona amekaa safu ya mbele na suti yake ya kijivu, damu inanichemka hadi masikioni.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi, na hilo hajaacha kunikumbusha. Nilikuwa nimechoka kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akaniambia yadi anayoisimamia inatafuta dereva. Yadi yenyewe inatengeneza pikipiki za theluji. Nikiwasimulia ndugu zangu walioko Kigoma wanacheka, na mimi siwalaumu, maana Sydney theluji haianguki. Inaanguka milimani, mwendo wa saa sita hivi kwa gari, na huko wafanyakazi wa hoteli huzunguka na mashine hizo, mbele miguu miwili ya kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira. Zikiharibika zinaletwa kwetu. Zikipona nazirudisha mimi, mbili mbili, kwenye trela nyuma ya pikapu.

Sasa sikiliza hesabu ya mzee. Trela letu halina breki, na sheria ya hapa inataka trela la namna hiyo, pamoja na mzigo wake, lisizidi kilo mia saba na hamsini. Trela tupu ni mia mbili thelathini. Mashine moja, kwa mujibu wa karatasi ya kiwandani aliyoibandika ukutani, ni mia mbili hamsini. Jumla mia saba thelathini.

"Unaona? Tuko under the limit," aliniambia siku ya kwanza. "Chukua funguo, binti yangu, wende."

Nikaenda. Jicho langu lilikuwa limeshaona kwamba matairi ya trela yamebonyea, na nikanyamaza. Mimi ni Mrundi, lakini nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na kambini mizani ilikuwa pale pale kwenye mgao, kila mtu akiiona. Mwenye shaka na unga wake aliruhusiwa kuurudisha upimwe. Wenye adabu hawakurudisha. Kumpimia mtu upya mbele ya macho yake ni kumwita mwizi, na mama yangu alikuwa radhi tulale na njaa kuliko kumvunjia mtu mzima heshima. Mzee naye amepitia kambi, anaijua adabu hiyo vizuri, na akaitumia. Nikaendesha safari tatu bila kuuliza, ilhali polisi wakinisimamisha, leseni ni yangu, na trela likinibinua, shingo ni yangu pia.

Safari ya tatu, kwenye mteremko, lori refu lilinipita na upepo wake ukalisukuma trela. Likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, na pikapu nayo ikavutwa huku na huku. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushikilia usukani, nikangoja. Lilipotulia nilisimama pembeni ya barabara, nikampigia mzee simu.

"Ile iko upepo tu, binti yangu. Uko unaogopa bure. God is in control."

Nikakata simu nikatukana kwa lugha zote ninazozijua, na ninazijua nne.

Niliporudi yadini nilikwenda kuisoma ile karatasi ya ukutani mpaka maandishi madogo ya chini kabisa. Uzito ulioandikwa ulikuwa wa mashine tupu, haina petroli, haina oili, haina maji ya kupozea injini. Sisi tunazipeleka matangi yamejaa. Halafu kuna sanduku la vipuri, mikanda ya mpira ya akiba, na madumu mawili ya petroli ambayo mzee huyachomeka katikati kwa mikono yake mwenyewe. Katika hesabu yake vitu hivyo havikuwa na uzito, kama malaika.

Safari ya nne mzigo ulifungwa asubuhi. Nilitoka getini, na badala ya kushika barabara kuu nikakata kona kwenda kwa wauza mchanga na kokoto, wenye mizani ya malori. Nikalifungua trela kutoka kwenye pikapu, nikaliacha peke yake juu ya mizani. Kilo mia nane na tisini. Ni kama watu wawili wazima wamepanda juu ya mzigo ambao tayari umefika kikomo cha sheria. Nikaomba karatasi ya vipimo, nikalifunga trela tena, nikageuza, nikarudi polepole kama nabeba mayai.

Mzee alikuwa uani na mafundi wawili. Nilimpa karatasi. Hakuisoma. Alitazama tu nembo ya juu, akajua nilikotoka.

"Umeenda kunipimia?"

"Nimeenda kupima trela, baba. Tushushe mashine moja."

"Mbele ya watu! Mimi niliyekutoa kwa kuogesha wazee!" Sauti ikapanda. "Fadhila ya punda ni mateke. Customer anangoja machine mbili, na mbili zitaenda."

Mafundi waliacha spana wakatazama. Zamani ningeinamisha kichwa, niombe radhi, niwashe gari. Siku hiyo hasira ilikuwa imeshaizidi adabu, ingawa adabu nayo haikuondoka yote. Nilimnyooshea funguo kwa mikono miwili.

"Basi endesha wewe, baba. Mzigo ni mwepesi."

Akazipokea. Akafika mpaka mlango wa pikapu, akaufungua, mguu mmoja akauweka ndani. Akageuka akayatazama matairi ya trela, akayatazama muda mrefu, macho ya mtu anayetazama kitu anachokijua. Kisha akautoa mguu, akafunga mlango taratibu.

"Safari tatu ulinituma hivi," nikasema.

Alinisogelea ili mafundi wasisikie. Sauti ilikuwa imeshuka, karibu ya upole.

"Mimi niko na watoto, binti yangu."

"Mimi pia ninao, baba," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Watatu. Na wewe unawajua kwa majina."