Kitambaa cha Mama Mkwe

Zamani za Wabelgiji, mwanaume wa Masisi aliyevaa kofia ya kampuni ya malori alijiona amefika. Nasema alijiona. Kofia ilikuwa na namba ya shaba mbele, na kontroleri, mkaguzi wa kampuni, alituita kwa namba hiyo, utadhani mama zetu hawakuwahi kutupa majina. Vijijini hawakuyajua hayo. Waliona kaki iliyopigwa pasi, waliona lori refu lenye turubai, kamio kama walivyoliita, wakasimama kando ya njia na kusema, "Papa Shofere anapita." Nami nikapiga honi. Itebero, kwao mke wangu, niliipiga kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, maana nilitaka mama mkwe ajue binti yake ameolewa wapi.

Njia yetu ilikuwa ya Masisi na Walikale, mlima na msitu, utelezi juu na tope chini. Si kuendesha kwenyewe kulikonichosha. Zilinichosha kero. Turubai lilifungwa depo kwa waya na lakiri ya risasi, na ole wako ufike imekatika, hata kama kilichoikata ni tawi la mti. Kubeba abiria ilikuwa marufuku, hata awe mzazi wako anayekata roho. Mteremkoni tuliamriwa kuzima injini ili kubana mafuta, tukashuka kwa breki na sala. Na mvua ikinyesha, kulikuwa na bariyeri.

Bariyeri ya mvua ilikuwa mti mmoja uliolazwa kukatisha barabara, na mzee wa kuulinda. Mvua ikipita, malori yalikaa hapo mpaka udongo ukauke, na aliyeamua kama umekauka ni huyo mzee, kwa kisigino chake. Alikanyaga tope, akalitazama shimo, akarudi zake kuota moto. Hapo ndipo waenda kwa miguu niliowapita asubuhi kwa honi na madoido waliponifikia, wakainama chini ya ule mti, wakapita. "Papa Shofere, tukupelekee salamu kule mbele?" mmoja wao aliniuliza. Enzi hizo hasira zangu zilikaa karibu.

Sasa lazima niseme habari za ukwe, la sivyo mtu wa leo atacheka mahali pasipochekesha. Kwetu milimani na kwao msituni, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, yeye anaingia majanini na kugeuza mgongo, wewe unapita ukitazama miguu yako. Si chuki, ni heshima, na sisi Wakristo tuliishika pamoja na rozari. Ikitokea mama mkwe ameuona uchi wa mkwe wake, ndoa inasimama. Mke anarudi kwao na mtoto mgongoni, mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, mbuzi achinjwe, na aliyeona aseme mbele ya watu wote aliona nini na wapi. Jicho lililoona halina ruhusa ya kunyamaza. Likinyamaza, tuliambiwa, anayelipa ni mtoto.

Na sisi mtoto tulikuwa naye mmoja. Waliomtangulia tulikuwa tumewazika. Huyu msichana alipovuka wiki zile mbaya za mwanzo, habari ziliteremka hadi Itebero, na mama mkwe akafunga kitunga chake, akaanza kupanda kwa miguu aje kuuona uso wa mjukuu. Mimi mwenye lori zima sikuruhusiwa kumbeba. Hata ningeruhusiwa, tungekaaje kiti kimoja?

Siku hiyo nilikuwa napanda kutoka Walikale na mapipa ya mawese na magunia ya mpunga. Mvua ilinyesha, mzee akalaza mti wake, nikazima injini. Saa za mchana gari dogo la kontroleri likafika. Zilikuwa zimesikika habari za dhahabu ya machimbo ya msituni kufichwa katika kiatu cha dereva fulani, na tangu hapo kampuni ilitupekua popote ilipotukuta. Kontroleri, mzungu kijana, alibaki kwenye gari lake na mlango wazi. Aliyenijia ni askari wa kampuni, mtu wa rika langu.

"Toa nguo," alisema.

Nikavua shati na viatu. Akavikung'uta.

"Yote, Papa. Njo amri ya kampuni."

Yeye mwenyewe alikuwa anatazama chini. Nilimtazama kontroleri, naye akatazama saa yake. Basi nikavua suruali, nikavua na kilichobaki, nikasimama mbele ya pua ya lori langu mwenyewe, matope yakiingia katikati ya vidole vya miguu. Kofia niliisahau kichwani. Nilisimama uchi wa mnyama, na namba yangu.

Mwanamke wa msituni hubeba kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, kwa hiyo hutembea ameinama. Mama mkwe alilizunguka lori akitazama chini. Akaona miguu imemzibia njia, akainua macho ajue ni ya nani.

Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa karibu. Ulikuwa uso wa mke wangu, ila umechoka. Hakupiga kelele, hakuziba mdomo. Aliinamisha kichwa tena, akapita chini ya mti wa bariyeri, akaendelea kupanda mlima kuelekea nyumbani kwangu.

Kontroleri hakupata kitu. Nikavaa nguo zangu. Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini maiti ana bahati, hamkuti tena mwosha wake sebuleni. Mimi nilikuwa hai. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma, na chini ya aibu kulikuwa na hofu tupu: akifika Masisi atasema, maana lazima aseme, na mke wangu atafunga mtoto mgongoni.

Mzee aliufungua mti kesho yake. Nilifikisha mzigo depo, nikaenda nyumbani polepole, nikitarajia kukuta mlango umefungwa kwa kamba. Mke wangu alikuwa uani anapepeta mchele. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama alifika," aliniambia. "Lakini macho yake ilikufa mu njia."

Nilisimama nyuma ya ukuta wa fito, mahali mkwe anaporuhusiwa kusimama. Kwa upenyo nilimwona mama mkwe amekaa mkekani, kitambaa cheusi kimefungwa machoni na fundo nyuma ya kichwa.

"Tangu kule chini, mbele ya kufika ku bariyeri, nilikuwa natembea mu giza tu," alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Sikuona muntu, sikuona kamio. Niletee mutoto nimushike."

Akapewa mtoto. Akampitishia vidole usoni taratibu, kama mtu anayechambua maharage.

"Hii pua ni ya nani?"

"Ya baba yake," mke wangu alisema.

"Na masikio?"

"Yako, Mama."

Akacheka kidogo. Mimi nilitoka uani nikaenda kukaa nyuma ya choo.

Sikuwa na shaka hata chembe kwamba ni mimi niliyeyaua macho yale. Niliamini uchi wangu umemchoma. Ningewezaje kuamini vingine? Padri alikuwa ametufundisha kuyacheka mambo hayo, lakini padri hakuwa na mama mkwe. Mke wangu alimpeleka dispansere, yaani zahanati, na sista wa huko akamfungua kitambaa chumbani kwake, akamrudisha akisema macho ni safi, haoni ugonjwa, atie dawa hii. Mama mkwe alitoka kitambaa kikiwa kimekwisha kufungwa tena. Mke wangu alilia njia nzima. "Atembee musitu yote ile, asione mutoto?" Kisha akaniuliza, "Wewe hukukutana naye mu njia?"

Nikasema hapana.

Majuma aliyokaa nilikula nje, nikalala kwenye lori kila nilipoweza. Kila nilipopita uani, kitambaa kilikuwa pale pale, kimekazwa. Alimwogesha mtoto nacho. Alimwimbia nacho. Jirani zetu walikuja kumpa pole, akazipokea zote kama anayestahili. Hakuna mzee aliyeitwa, hakuna mbuzi. Siku ya kuondoka alimpapasa mjukuu uso wote tena, paji hadi kidevu, akashika bega la mwanamke mmoja wa kwao aliyekuwa amepanda kuuza samaki wa moshi, wakaenda. Mke wangu aliwasindikiza mpaka mwisho wa nyumba za mji.

Kesho yake nilipewa mzigo wa kuteremka Walikale. Baada ya kilele nilizima injini, kama tulivyoamriwa, lori likaenda kwa uzito wake bila kelele. Nilipokaribia kona moja ndefu niliiona barabara ya chini yake, na juu ya barabara hiyo, wanawake wawili. Muuza samaki alikuwa nyuma, akihema. Mbele yake alikuwa mama mkwe, anatembea haraka na kitunga chake, anaruka madimbwi moja baada ya jingine. Aliinama, akaokota kitu kando ya njia, akakitazama mkononi, akakitupa. Kitambaa kilikuwa kimening'inia shingoni.

Nilikanyaga breki kabla ya kona.

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Halafu furaha ikaniishia nikiwa bado nimeushika usukani. Jicho lisiloona halina la kusema, na hiyo ndiyo njia pekee aliyoipata ya kutomrudisha binti yake Itebero. Lakini akishafumba amefumba. Hakuweza kutoniona mimi halafu akamwona mtoto. Alikuwa ametembea msitu mzima na mlima mzima kuja kuuona uso mmoja, na sasa alikuwa anarudi hajauona. Niliona aibu kuliko ile ya bariyeri. Ile ya bariyeri nilifanyiwa na kampuni. Hii nililipiwa na mwanamke niliyekuwa nikimpigia honi za majivuno.

Kumbeba sikuweza. Lakiri ilikuwa kwenye turubai, na heshima ilikuwa kati yetu. Na nikishuka bila mlio, nitamkuta na macho wazi, na yote aliyoyafanya yatakuwa bure.

Nikapiga honi, pale pale nilipokuwa nimesimama, wakiwa bado hawanioni. Nikaipiga taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nikangoja. Nikapiga tena, nikangoja zaidi, mpaka nikawa na hakika amepata nafasi ya kufunga fundo vizuri. Ndipo nikaachia breki.

Nilipowafikia, alikuwa ameshika bega la mwenzake, kitambaa machoni, uso umegeukia majani. Nilipita polepole nisiwarushie tope, nikavua kofia ya kampuni, nikaiweka magotini mpaka walipokwisha kuwa nyuma yangu.