Baraka ya Bwana Anselmo

Pale kiwandani São Paulo, Jandira Pacheco alikuwa hodari wa kulehemu kuliko sisi sote, na mwepesi wa kuamini kuliko sisi sote. Hilo la pili ndilo lililomponza.

Siku hizo serikali ilikuwa imepiga marufuku kompyuta ndogo za kigeni, ili Wabrazili tutengeneze zetu. Zetu zilikuwa ghali, tena zikichemka kama pasi, lakini zilitulisha. Mwenye kiwanda, Bwana Anselmo, alimsimamia ubatizo Lindalva, binti wa Jandira, na kwetu huo ni undugu kamili. Kila Pasaka alimletea mtoto yai la chokoleti, naye mtoto alimnyooshea mkono kumwomba baraka.

Kaka yake Jandira, Valdir, alikuwa akivusha kompyuta za magendo kutoka Paraguai. Jumapili moja akaweka moja mezani kwa mama yao.

"Dada, hii ni nusu ya bei ya masanduku yenu, na haikwamikwami."

"Itoe hapa. Unatupokonya chakula."

"Chakula chenu, au cha Anselmo?"

Jandira alimfukuza. Mama yao alilia, lakini ndugu wale wakaacha kusemeshana.

Zilipovuma habari kwamba sheria ile ya marufuku itafutwa, Anselmo alitupakia kwenye mabasi hadi mji mkuu, Brasília, tukaitetee. Jandira alipiga kelele mlangoni kwa waziri mpaka sauti ikamkauka, na Anselmo akamnywesha maji kwa mkono wake. Mimi nikaona huyo ndiye tajiri mwenye utu. Mjinga mimi.

Sheria ilifutwa hata hivyo. Mara makasha ya kigeni yakajaa kiwandani, na wengi wetu tukaambiwa twende nyumbani. Jandira alibakizwa, kwa hisani ya ule undugu, abandue nembo za kigeni na kubandika za kiwanda chetu. Alipofungua kasha la kwanza aliona kompyuta ya aina ile ile ya Valdir. Akamfuata Anselmo ofisini.

"Hizi uliziagiza lini?"

"Zamani kidogo, mama Lindalva. Kabla ya Brasília."

"Sasa kule ulitupeleka kufanya nini?"

"Wacheleweshe kidogo kuifuta sheria, niuze zile za zamani zilizojaa ghalani. Usikasirike, wewe kazi si unayo?"

Alinisimulia hayo baadaye. Mimi nilitukana, yeye hakutukana.

Pasaka ilipofika alimwita Valdir kwa mama yao. Valdir alikuja, akaketi kula. Nami nilialikwa, na nilikuwa napakua wali Anselmo alipoingia na yai lake, anacheka. Lindalva akainuka, akanyoosha mkono kama alivyozoea. Jandira akaudaka.

"Huyu hana baraka ya kukupa. Kamwombe mjomba wako."

Anselmo alibaki amesimama na yai lake. Valdir aliweka uma chini, akaushika mkono wa mtoto.

"Mungu akubariki, mpwa wangu."

Kisha akaendelea kula. Dada yake hakumtazama.